Turubai la Boti na Neno Nililolirusha Nyuma

Waliokuwepo siku ile ni hawa. Mimi mwenyewe. Dereva wa pikapu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye kwetu ni mwanangu tu, hakuna cha mpwa. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, mwenye boti. Kijana wa bodaboda aliyekuwa barabarani pamoja nasi, ambaye hatukuwa na undugu naye wala ugomvi. Halafu watu wa senta, pale penye maduka ya barabarani, wengi, lakini nitawasema wanne: mwenye kasia, aliyetoka kumzika kaka yake asubuhi ile ile, mwenye chupa ya petroli, ambaye mama yake niliuza naye dagaa Igogo miaka mingi, kijana aliyeniamkia, na bibi wa rika langu aliyevua kitenge chake.

Majina yao yote ninayo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini jina likiingia kichwani kwangu halitoki. Hapa siyaandiki. Wengine wana watoto wanaosoma na wajukuu zangu, na sitaki watoto wapigane kwa ajili ya daftari langu. Ninaandika kwa sababu moja. Mkwe wangu alikaribia kuuawa mbele yangu, na kuna neno moja nililolirusha kutoka dirishani ambalo sijui mpaka leo kama nililisikia sawasawa. Nataka kujua kama damu ile ni yangu.

Boti ilikuwa ufukweni upande wa Magu, kwa fundi. Ilikuwa ya faiba, mkwe wangu aliipata ikiwa imepasuka ubavu, akaitengeneza miezi mingi. Kabla ya hiyo alikuwa na mtumbwi wa mbao. Majambazi wa ziwani walimvamia huko ndani, wakachukua nyavu na mashine ya kuuendesha, wakampiga bapa la panga mgongoni na kumwacha anaelea bila kasia. Alirudi siku ya pili. Binti yangu alikuwa ameshaanza kulia msiba. Kwa hiyo ile boti ya faiba haikuwa chombo tu, ilikuwa mtu kuanza upya.

Mimi nilikuwa Magu kwa msiba wa dada yangu mkubwa. Tulipomaliza matanga wakaniambia, bibi, pikapu inakwenda kuvuta boti kwa tela mpaka Igogo, panda humo humo. Nikapanda.

Sasa lazima niseme jambo la kwetu, la sivyo hamtaelewa. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai benchi moja. Hali chakula mbele yangu. Hanitazami usoni. Jina lake silitaji, langu halitaji. Nikitaka kumwambia kitu, namwambia mtoto aliye karibu, na kama hakuna mtoto naliambia jungu au kuku, naye anasikia na kufanya. Wala hanijibu kwa kuniuliza. Mama mkwe akisema, umesema. Vijana wa mjini siku hizi wanacheka, wanakumbatiana na mama wakwe zao mbele ya kamera. Sisi hatukuwa hivyo. Miaka kumi na mmoja alikuwa amemuoa binti yangu na sikuwa nimewahi kumgusa hata mkono.

Ndiyo maana yeye hakukaa mbele na sisi. Alikaa nyuma, ndani ya bodi ya pikapu, uso umeelekea boti.

Asubuhi ile nilimtazama anavyoifunika, mimi nimekaa mbali kidogo, nimejifanya natazama ziwa. Rangi ilikuwa mpya, ya bluu na ubavu mweupe, haijakomaa vizuri. Kwanza alifagia ndani, kisha akapanguza nje kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya turubai, njia nzima unasugua rangi kama msasa. Mashine akailaza chini kabisa ndani ya boti, akaizungushia blanketi ili isigonge. Akasimamisha mti katikati, kichwa chake kimefungwa matambara, turubai likakaa juu yake kama paa la nyumba ili mvua ikinyesha maji yateremke. Kila palipokuwa na kona ya chuma akaweka vipande vya kanga. Vilikuwa vyangu vya zamani, binti yangu alimpa. Niliviona, nikageukia ziwa tena.

Mikanda aliipitisha juu ya turubai na chini ya tumbo la boti, na kila mkanda akaupindua mara moja kabla ya kuukaza. Mwanangu dereva akamcheka.

"Shemeji, mkanda umepinda huo."

"Nimeupinda makusudi. Ukiwa bapa upepo unaupigisha kelele, unatetemeka mpaka unakata turubai."

"Ukimaliza kuivalisha utuitie na padri aifungishe ndoa."

"Wewe cheka. Nenda taratibu tu. Nikigonga bodi mara moja, punguza. Nikigonga mara mbili, simama."

Mwisho akavuta kamba ya shingo. Hiyo ni kamba inayopita kwenye pindo lote la turubai, kama ya gunia, ukiivuta mdomo wote unakusanyika. Fundo lake alilifunga chini ya pua ya boti, mahali ambapo akinyoosha mkono kutoka kwenye bodi analifikia. Akaliambia shavu la boti, lakini nilijua ananiambia mimi: "Upepo usiingie mbele. Ukiingia mbele, basi tena."

Mnaona? Nilisikia. Nilisikia kwa masikio yangu.

Tuliondoka jua limepanda. Kila baada ya kipande cha njia alikuwa anagonga mara mbili, tunasimama, anashuka kukagua mikanda, anakaza iliyolala, tunaendelea. Mwanangu alianza kuchoka.

"Mama mkubwa, kwa mwendo huu tutafika Igogo mimi nina mvi kama wewe."

"Nyamaza uendeshe."

Kisha wingu likatoka ziwani, jeusi. Mwanangu akaogopa mvua kwenye barabara, akaongeza mwendo. Redio ilikuwa juu na yeye anaimba nayo. Nasema kweli yangu: niliisikia bodi ikigongwa mara moja. Nilidhani ni boti inajigonga. Sikumwambia.

Tulikuwa bado hatujafika Kisesa, pembeni majaruba ya mpunga, mbele tunaiona senta. Nikasikia turubai linapiga: pa, pa, pa. Akatokea kijana wa bodaboda, akapita kushoto kwenye vumbi, akafika sawa na dirisha langu. Akapiga kelele, na ulimi wake ulikuwa wa watu wetu, ile l inageuka r.

"Bibi! Waambie waregeze! Waregeze!"

Akasema na kitu kingine. Upepo, redio, pikipiki yake, vyote pamoja. Sikukipata. Akarudi nyuma kwa sababu mbele palikuwa na shimo.

Kulegeza. Kichwani mwangu nikaona kamba. Nilikuwa nimetazama kamba asubuhi nzima, ningeona nini kingine? Nikasema turubai linalia kwa sababu limebanwa. Nikatoa kichwa dirishani, nikageukia nyuma, na kwa kuwa siwezi kumwambia mkwe wangu uso kwa uso, nikaurushia upepo, kwa sauti kubwa:

"Walioko nyuma walegeze!"

Kama ningekuwa mama yake mzazi angeniuliza, "Nilegeze nini, mama?" Kama ningekuwa mke wake angenitukana, aseme, wewe mwanamke unajua nini juu ya boti. Mimi nilikuwa mama mkwe. Niliona kwenye kioo cha pembeni namna alivyosita, kichwa kimeinama. Kisha akanyoosha mkono chini ya pua ya boti, akavuta fundo.

Upepo uliingia mbele.

Sijaona kitu kama kile. Turubai lilijaa mara moja, likainuka lote kama ng'ombe anayeamka na watu mgongoni. Mti wa katikati ukaruka. Mkanda mmoja ukang'oa chuma kwenye ukingo wa boti, na kile chuma, bado kimefungwa kwenye mkanda, kikazunguka hewani na kurudi nyuma kwa nguvu zote. Kijana wa bodaboda alikuwa pale pale. Kilimpiga usoni. Nilisikia mlio, na sitaulinganisha na kitu. Pikipiki ikaenda peke yake hatua kadhaa bila yeye, ikaanguka kwenye jaruba.

Mwanangu alisimamisha gari hatua chache mbele, mwanzoni mwa senta. Tulishuka. Kijana alikuwa amekaa barabarani, mikono imefunika jicho, damu inapita kati ya vidole kama maji ya bomba bovu. Mkwe wangu alimfikia wa kwanza, akavua shati lake amfunge kichwa.

Na hapo ndipo watu walipofika.

Senta ile ilikuwa na msiba. Wiki ile majambazi waliwavamia wavuvi wao, wakachukua mashine mbili, wakakata watu mapanga. Asubuhi ile walikuwa wametoka kuzika. Bado wana udongo kwenye viatu. Wakaona nini? Boti imetoka ziwani, imefunikwa, inakimbizwa mchana kuelekea mjini. Turubai limefunguka, rangi bado inanuka upya, ubavuni hakuna namba hata moja, kwa sababu mwandishi wa namba alikuwa anangoja Igogo. Na ndani, mashine imezungushiwa blanketi. Na kijana wao barabarani, anavuja damu.

Mtu mmoja akachungulia ndani ya boti. Akafunua blanketi.

"Mashine! Mashine hii hapa! Wameifunika kama maiti!"

"Namba ziko wapi? Wamepaka rangi juu ya namba!"

"Wamemuua na dogo!"

Mwanangu dereva akasema, "Jamani, karatasi ninazo, ngojeni," akaingiza mkono mfukoni, na jiwe la kwanza likampata kwenye mkono ule ule. La pili likavunja kioo cha mbele. Akakimbia. Karatasi za boti zikakimbia naye, kwenye mfuko wa shati. Nilimwona anavuka majaruba, maji yanaruka, nikamlaani kwa jina lake na jina la mama yake aliye kaburini.

Mkwe wangu hakukimbia. Alikuwa amepiga magoti kwa yule kijana, anafunga shati. Wakamkamata hapo.

Walimpiga kwanza kwa mikono. Halafu kwa fimbo. Halafu yule aliyefiwa na kaka yake akaingia ndani ya boti, akatoa kasia, na kumpiga nalo kwa ukingo wake, si kwa bapa. Pigo la kwanza begani. La pili alilikinga kwa mkono na mkono ukapinda mahali pasipo na kiungo. La tatu mdomoni. Aliyekuwa anampiga alikuwa analia, makamasi yanateremka, anaita jina la kaka yake kila pigo. Lile jina ninalo. Kila nikisikia mtu anaitwa hivyo sokoni, ninageuka.

Wengine wakawa wanaipiga boti. Mawe yalitoboa ubavu ule mweupe. Mwanamke mmoja alikuwa anaikata mikanda kwa kisu cha samaki, anasema, "Kavueni nayo! Kavueni sasa!" Wakamvua mkwe wangu suruali, maana mwizi wanamchoma uchi. Akabaki kama alivyozaliwa, kwenye lami, miguu inasukuma sukuma kama anaogelea.

"Tairi! Leteni tairi!"

"Petroli iko hapa!"

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari, nimegeuza uso. Mnanielewa? Watu wanamuua, na mimi nimegeuza uso kwa sababu mkwe wangu yuko uchi. Miguu iligoma. Miaka sabini nimefundishwa nisitazame, na mwili wangu ulitii mafundisho kabla haujatii huruma. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Muda wa mtu kuvunjika mbavu mbili.

Kisha nikasikia harufu ya petroli.

Niliingia. Mimi si mtu mkubwa, lakini wakati huo nilikuwa bado nina nguvu za kubeba ndoo kichwani kutoka ziwani. Nilimpiga mtu wa kwanza kwa kiwiko kwenye shingo. Mwingine nilimvuta kwa sikio nikasikia limeachia kidogo. Mwenye chupa alikuwa tayari ameinama, ameshamwaga kidogo mgongoni mwa mkwe wangu, na mkono mwingine una kiberiti. Nilimng'ata ule mkono. Nina meno sita, yalitosha. Sikuachia mpaka kiberiti kilipodondoka, na damu yake niliitema kwenye miguu yake. Halafu nilimtazama, nikamjua. Nikamwita kwa jina lake. Nikamwita na jina lake la utotoni, ambalo mama yake alilitumia alipokuwa anamfunga mgongoni pale sokoni Igogo na kuniachia nimshikie. Akaishusha chupa.

Kijana mmoja, jiwe mkononi la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaniambia kwa adabu zote:

"Shikamoo bibi. Toka hapo tummalize."

"Marahaba," nikajibu, maana salamu inajibiwa. "Nimalize mimi kwanza."

"Bibi, huyo jambazi. Wewe wamekupa lifti tu. Toka."

"Sitoki."

"Tutakuchoma naye!"

Nilimuona amenyanyua lile jiwe. Sikuwa na kitu cha kumkinga mkwe wangu. Turubai lilikuwa limepeperuka kwenye mpunga. Basi nikamlalia. Nilijilaza juu yake, kifua changu mgongoni kwake, shavu langu kwenye shingo yake yenye petroli, nikamshika kama mnavyoshika mtoto mwenye degedege. Na nikalitaja jina lake. Mara ya kwanza maishani mwangu nililitaja, tena kwa kupiga kelele, mara tatu, nne, na baada ya kila mara nikasema:

"Huyu ni mkwe wangu! Amemuoa binti yangu! Nimemlalia mkwe wangu, mmeona? Mmeona mlichonifanya?"

Wanawake ndio walioelewa kwanza. Halafu bibi mmoja akapiga ukelele, si wa furaha wala wa msiba, ule wa mtu aliyeona nyoka kitandani. "Mayu wane, mama yangu wee! Mama mkwe huyo! Mama mkwe yuko juu ya mkwe!"

Watu wa kule wanajua. Mwanamke anaweza kumdanganyia mwizi kwamba ni mwanawe, kwamba ni mjukuu wake, kwamba ni padri. Hakuna mwanamke wa rika langu atakayelala juu ya mwanaume uchi hadharani na kusema uongo kwamba ni mkwe wake. Hakuna. Afadhali jiwe.

Wazee wa kiume waligeuza nyuso, kama nilivyogeuza mimi. Wanawake wakaanza kuwapiga wanaume wao. "Geuka! Geuka wewe, unatazama nini!" Yule bibi akavua kitenge chake, akabaki na gauni la ndani lenye viraka, akatufunika wote wawili. Kijana wa shikamoo aliliweka jiwe chini polepole, kama yai.

Mwanangu dereva akarudi na mgambo wawili na karatasi. Alikuwa amekimbilia ofisi ya kata, si kujificha. Laana niliifuta siku ile ile, lakini alishaisikia.

Mkwe wangu alikaa hospitali wiki nyingi. Mkono wa kulia hauinuki kupita bega. Sikio moja halisikii. Kijana wa bodaboda alipoteza jicho. Ilipoulizwa turubai lilifungukaje, mkwe wangu alijibu, kupitia meno yaliyobaki: "Kamba ilinikatikia." Nilikuwepo, mlangoni. Kamba haikukatika. Ipo mpaka leo, nzima, na ndiyo anayofungia turubai. Hakuwahi kumwambia hata mke wake nani alisema walegeze. Kwetu walichinja mbuzi na kufanya yanayofanywa ili tuweze kukaa mji mmoja tena, na sasa, kama zamani, hanitazami usoni, anaacha njia ninapopita. Boti iko majini Igogo, namba zimeandikwa kubwa pande zote mbili. Akiivuta popote, hailazi mashine ndani ya blanketi tena, na namba anaziacha wazi, chini ya pindo la turubai.

Kijana wa bodaboda alihama. Nasikia yuko ng'ambo ya ziwa. Sikumuuliza alipokuwa karibu, niliogopa, na sasa namtafuta.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye ile senta, au nyuma yetu barabarani, au unamjua, nisahihishe. Kama nimekosea mpangilio wa mapigo, au aliyeshika kasia hakuwa yule, sema, nitafuta. Lakini hasa nisahihishe hapa: baada ya "waregeze", alisema nini? Alisema "mwendo"? Waregeze mwendo? Au hakusema kitu, na ni mimi tu, miaka yote hii, ninayetafuta neno la kujitetea? Niambie lolote lile lililokuwa. Nina majina yote. Hilo neno moja tu sina.